Fahamu: Neva za mbwa aliyepooza hupimwaje?
Mbwa aina ya dachshund, mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi, anaweza kuamka asubuhi akiburuta miguu ya nyuma. Mara nyingi chanzo ni diski iliyochomoza na kubana neva za uti wa mgongo. Picha ya MRI huonyesha palipobanwa, lakini haitoshi kueleza kama ujumbe bado unapita.

Daktari wa mifugo huanza kwa mikono. Huukunja wayo hadi sehemu yake ya juu iguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Kisha huminya kidole kwa koleo. Hapo ndipo wenye mbwa hudanganyika: mguu ukijivuta, wanashangilia. Kumbe mguu unaweza kujivuta bila ubongo kujua lolote! Kinachotafutwa ni mbwa ageuke, alie au atake kung'ata. Asipohisi kitu, matumaini ya kutembea tena hupungua sana, hata akifanyiwa upasuaji.

Kuna pia kipimo cha sumaku, kinachotumika zaidi kwenye utafiti. Mbwa akishatulizwa kwa dawa, koili huwekwa kichwani kuuchochea ubongo, na elektrodi mguuni hupima ujumbe umechukua milisekunde ngapi kufika.