Mrija wa nyongo si mshipa wa damu: Vifaa vya kuuziba hupimwaje?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MKAZI wa Kanyenye mjini Tabora akibanwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, kimbilio lake huwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Ikibainika kuwa ana mawe katika kifuko cha nyongo yanayohitaji upasuaji, huenda akatibiwa hapo au akapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Benjamin Mkapa, Dodoma.

Popote atakapolazwa, usalama wake utategemea jambo ambalo wagonjwa wengi hawalifahamu: namna daktari atakavyouziba mrija mdogo wa nyongo baada ya kukiondoa kifuko hicho.

Suala hili linawagusa Watanzania wengi. Wagonjwa wa selimundu, ambao chembe nyekundu zao za damu huvunjika mapema, huweza kupata mawe ya nyongo wakiwa bado watoto au vijana. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka.

Zamani mrija huo ulifungwa kwa uzi. Upasuaji wa kupitia matundu madogo, ambao Dk. Erich Mühe wa Ujerumani aliutumia kuondoa kifuko cha nyongo mwaka 1985, ulifungua njia ya matumizi makubwa ya klipu za titani. Baadaye vikaja vifaa vinavyobana nyama na kuigandamanisha kwa joto la umeme au kwa mtetemo wa kasi kubwa.

Vifaa hivyo vilikusudiwa kwanza kuziba mishipa ya damu. Kipimo kinachotumiwa sana ni kuujaza maji mshipa uliozibwa hadi upasuke. Sehemu iliyozibwa hutarajiwa kuhimili milimita 360 za zebaki, yaani mara tatu ya shinikizo la kawaida la damu la 120.

Shinikizo la nyongo ndani ya mirija yake ni dogo zaidi. Mtu angeweza kudhani kwamba kifaa kinachoizuia damu hakiwezi kushindwa na nyongo. Hapo ndipo penye kosa.

Damu huganda na kusaidia kuziba upenyo uliosalia, lakini nyongo haigandi. Ina chumvi zinazovunja mafuta mithili ya sabuni, na ini hutengeneza takriban nusu lita hadi lita moja kila siku. Aidha, joto likizidi, ukuta wa mrija huweza kufa polepole. Sehemu iliyoonekana imara katika chumba cha upasuaji huweza kufumuka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa amesharejea nyumbani.

Kwa sababu hiyo, jaribio la maji pekee halitoshi. Watafiti huanza na mirija iliyotolewa katika maini ya nguruwe, wakipima shinikizo linaloipasua na umbali ambao joto husambaa pembeni. Hatua inayofuata ni wanyama hai, ambao hufuatiliwa kwa siku au majuma kadhaa, kisha mirija yao huchunguzwa kwa hadubini. Baada ya hapo ndipo wagonjwa hushirikishwa, kwa ridhaa yao, na matokeo hulinganishwa na yale ya klipu.

Unene wa mrija nao huzingatiwa. Kifaa kilichofaulu katika mrija mwembamba hakijathibitishwa kwa mrija uliotanuka au wenye uvimbe. Hapo uzi wa kale huweza kuwa salama zaidi.

Hapa nchini, vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye ofisi ya Kanda ya Magharibi mjini Tabora. Vifaa hugawanywa katika madaraja manne, A hadi D, kwa kadiri ya hatari yake. Hata hivyo, kusajiliwa hakumalizi kazi: kifaa kikileta madhara, hospitali inapaswa kutoa taarifa, na kile kilichotengenezwa kutumika mara moja hakipaswi kurudiwa kwa mgonjwa mwingine.

Mgonjwa naye ana haki ya kumuuliza daktari mrija wake utazibwa kwa njia gani, na iwapo njia hiyo imethibitishwa kwa nyongo au kwa damu tu.

Akisharuhusiwa, asipuuze maumivu ya tumbo yanayoongezeka, homa, tumbo kujaa au macho kuwa ya manjano. Dalili hizo humaanisha kurejea hospitali siku hiyo hiyo, kwani nyongo inayovuja haisubiri tarehe ya kliniki.