Gari Inamisi, Kila Fundi Anabadilisha Kifaa Chake: Fanya Haya Kabla Hujamaliza Hela Gereji

Taa ya injini imewaka, gari inamisi na mlimani haina nguvu. Fundi wa kwanza anasema ni plagi. Unanunua, gari inatulia siku mbili, ya tatu inarudia. Fundi wa pili anasema koili. Wa tatu anasema pampu ya mafuta. Wa nne anataka kushusha injini. Hela imeisha na ugonjwa uko palepale.

Kwa mtu wa Ipelele, kule Makete, hasara ni mara mbili. Ukikosa spea au mashine ya kupimia karibu, safari ni Njombe mjini au Makambako. Kila fundi akibahatisha, wewe unaongeza nauli, siku ya kulala gesti, na mzigo wa viazi unaosubiri usafiri.

Kwa nini mafundi wanabahatisha?

Injini ya petroli inahitaji vitu vinne: hewa, mafuta, cheche na mgandamizo mzuri ndani ya silinda. Kimoja kikiyumba, gari inamisi. Kwa hiyo kumisi ni kama homa, inaweza kuwa malaria au kitu kingine kabisa. Daktari asiyepima anagawa dawa tu, na fundi asiyepima anagawa spea.

Lakini tusiwalaumu mafundi peke yao. Wateja wengi tunalipa kufungiwa kifaa, hatutaki kulipa kupimiwa. Fundi akikaa saa nzima anapima halafu akakwambia waya umelegea, unampa elfu mbili ya soda. Akikufungia koili, unalipa bila kelele. Hapo kubahatisha kunalipa kuliko kufikiri.

Piga hesabu hii ya mfano: plagi 60,000, koili 80,000, pampu 120,000, ufundi mara tatu 90,000, nauli na malazi 50,000. Jumla 400,000. Halafu kumbe tatizo ni mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini.

Baridi na mwinuko vinachanganya watu

Njombe na Makete ziko juu sana. Ukiwa mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Gari ikitoka Dar ikaanza kuonekana nzito kwenye milima ya huku, inaweza kuwa nzima kabisa. Ila ikimisi, ikitoa moshi mweusi au ikiwasha taa, hilo ni tatizo, usisingizie mlima.

Jambo jingine ni maji. Kwenye mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia kuchemka mapema ndani ya rejeta ni presha, na presha hiyo inashikiliwa na mfuniko. Mfuniko ukichoka, gari inachemsha, na ukiendelea kuiendesha unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kifaa kidogo cha bei ndogo kinakuletea kazi ya kufungua injini.

Asubuhi za ukungu nazo zina mambo yake. Waya za plagi au koili zenye nyufa zikipata unyevu, gari inamisi, jua likitoka inapona. Ukifika gereji saa sita mchana, fundi haoni kitu.

Sasa ufanye nini?

1. Andika dalili. Inamisi ikiwa ya baridi au ya moto? Mlimani au hata ikisimama? Ilianza baada ya mvua, baada ya kujaza mafuta, au baada ya servisi? Majibu haya yanampunguzia fundi nusu ya kazi.

2. Pima kwa mashine kabla ya kufungua chochote. Kompyuta ya gari inatunza namba za makosa. Usikubali waya wa betri uchomolewe kwanza, maana kwenye gari nyingi kumbukumbu hiyo inafutika. Piga picha namba hizo kwa simu yako.

3. Jua kwamba namba siyo hukumu. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Inaweza kuwa mpira unavuja, sensa ya hewa chafu, filta ya mafuta imeziba au pampu dhaifu. Anayesoma namba akakimbilia dukani bado anabahatisha, ila kwa mashine.

4. Hamisha kabla ya kununua. P0302 maana yake silinda namba 2 inamisi. Kama kila silinda ina koili yake, fundi achukue koili ya namba 2 aipeleke namba 3, ya namba 3 airudishe 2, afute namba, mzunguke na gari. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili haina kosa, akague plagi, nozeli na mgandamizo. Kipimo hiki hakikugharimu spea hata moja.

5. Pima presha ya mafuta kabla ya kubadilisha pampu, na mgandamizo wa silinda kabla ya kukubali injini ishushwe. Fundi asiye na geji hizo akwambie mapema, umtafute mwenye nazo.

6. Kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitatu kwa mpigo, gari ikipona hujui kilichoiponya, na ikizidi hujui kilichoiharibu. Spea ya mtumba inaweza kuwa mbovu kuliko uliyotoa, kwa hiyo dai risiti na kifaa chako cha zamani.

Angalizo kwa gari za Japan za miaka ya nyuma: baadhi zina tundu la kupimia lakini kifaa kidogo cha kuunganisha na simu hakizisomi. Hiyo haimaanishi kompyuta imekufa. Tafuta fundi umeme wa magari mwenye mashine inayoelewa aina hiyo, kabla hujauziwa kompyuta nyingine.

Na mkubaliane bei ya kupima pembeni na bei ya kutengeneza. Mwambie fundi wazi: "Nitakulipa upimaji hata ukikuta ni waya tu." Ukimlipa elfu ishirini kwa jibu la kweli, umeokoa laki nne za kubahatisha, na gari inarudi Ipelele kubeba viazi.