Shika au Shuka? Lugha Yetu Jabalini

Kati ya neno shika na neno shuka ipo tofauti ya irabu moja tu. Darasani huo ni mfano mwepesi wa fonolojia. Nilikuja kuutambua uzito wake siku niliyoandamana na wanafunzi kadhaa kukwea jabali la itale karibu na Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma.

Kijana mmoja alikuwa juu, vidole vyake vimezama katika ufa. Mwenzake aliyekuwa chini, akiwa bado anafumbua kamba iliyojifunga, alipaza sauti: "Shika!" Upepo ulikuwa ukivuma. Yule wa juu akasikia "Shuka!" akauachia mwamba, akaiegemea kamba iliyokuwa imelegea. Aliporomoka kadiri ya mita mbili kabla kamba haijamzuia. Alinusurika kwa kuchubuka goti.

Kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu mimi niliyewafunza mafundo ya kamba, nikasahau kuwafunza maneno. Na ni aibu kwa mwanaisimu, kwani irabu i na u zote hutamkwa ulimi ukiwa umeinuka kinywani. Penye kelele za upepo, kinachozitenganisha hufifia upesi.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huu ni wa wageni, basi na utumie lugha yao. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba Mackinder na wenzake wawili kutoka Ulaya walifika kilele cha Batian, chenye mita 5,199, mwaka wa 1899. Lakini ikumbukwe kwamba ni Kisoi Munyao aliyeipandisha bendera yetu Lenana wakati wa uhuru, Desemba 1963. Na mkwezi wa pwani amekuwa akiuparaga mnazi tangu enzi za mababu. Wachungaji wadogo wa Bokoli nao huyapanda majabali bila kamba wala mwalimu.

Msamiati, basi, tunao: kukwea, kuparaga, genge, ufa, mwanya. Tulichokosa ni makubaliano. Wakweaji wa nchi nyingine huwa na amri chache zisizobadilika, na kila mmoja huzijua kabla ya kugusa mwamba. Nasi tuziteue zetu. Napendekeza kaza, kamba inapotakiwa kuvutwa, legeza, inapobana, shusha, mtu anapotaka kuteremshwa, na jiwe, kuwaonya walio chini. Irabu zake zinatofautiana waziwazi, na legeza ina silabi tatu, hivyo haielekei kuchanganywa na kaza.

Walimu wenzangu, msikubali pendekezo hili kwa kuwa limetoka chuo kikuu. Lijaribuni. Wapangeni wanafunzi katika pande mbili za uwanja wa shule siku ya upepo, waitane kwa maneno hayo. Neno litakalosikika vibaya uwanjani na libaki pale pale uwanjani, wala lisipande nasi jabalini.