UZI: Je, mgeni asiye na kibali anashusha malipo ya kibarua wa Lodwar na Kakuma?

1/ Wadau, kila msimu wa kampeni huku Turkana kuna hoja mbili hazikosi jukwaani. Ya kwanza: "Watu wa kambi wanachukua kazi za vijana wetu." Ya pili: "Bila kambi, Kakuma ingekuwa vumbi tupu." Watu hupigia zote mbili makofi, wakati mwingine kwenye mkutano ule ule. Nasomea sayansi ya siasa na nyumbani ni Lodwar, kwa hivyo mada hii inanigusa mara mbili. Hapa sitaji chama wala mwanasiasa. Twende polepole.

2/ Kwanza tutenganishe watu. Kuna aliyevuka mpaka na hajajisajili popote. Kuna mkimbizi aliyesajiliwa, yuko nchini kihalali, lakini hana kibali cha kazi. Halafu kuna mwenye kibali, na hao ni wachache sana. Kambi ya Kakuma (1992) na makazi ya Kalobeyei (2016) zina zaidi ya watu 200,000, na wanaofanya kazi huko wengi ni wa kundi la pili. Jukwaani wote wanaitwa "wageni haramu". Si kweli.

3/ Sheria inasemaje? Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Lakini kuajiriwa kunataka kibali, na kutoka kambini kunataka pasi. Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120. Asiye na pasi hawezi kupanda matatu aje kutafuta saiti inayolipa vizuri. Anakaa pale pale, anangoja mwajiri amfuate.

4/ Shika hapo, maana ndipo mzizi wa mambo ulipo. Malipo ya kibarua yanategemea sana uwezo wake wa kusema: "Hiyo ni kidogo, tafuta mwingine." Ukimnyima mtu uwezo huo, umemshushia bei kabla hajashika koleo.

5/ Mfano (namba ni za kuelezea tu). Tuseme mtu wa mkono kwenye mjengo analipwa 600 kwa siku. Mwenye saiti anampata asiye na kibali, anamwambia 350. Jioni asipolipwa ataenda kushtaki wapi? Kwa afisa wa leba atakuwa amejianika mwenyewe. Kesho kijana wa hapa akija kuuliza kazi anaambiwa, "Kuna mwenye anafanya 350." Bei imeshuka. Aliyeishusha ni mwenye saiti, na chombo alichotumia ni woga wa mgeni.

6/ Kwa hivyo wanaolalamika wanadanganya? Hapana. Angalia Kagera, Tanzania, iliyopokea wakimbizi wa Burundi na Rwanda mwaka 1993 na 1994. Wachumi waliofuatilia familia za huko waliona kwamba wenyeji wenye mashamba walinufaika: walipata vibarua wa bei rahisi na wanunuzi wa mazao. Walioumia ni wenyeji waliokuwa wakiishi kwa kulima mashamba ya watu. Mkoa mmoja, wageni wale wale, matokeo mawili. Kwa hivyo mtu akisema "sisi tunaumia" au "sisi tunafaidika", muulize: sisi nani?

7/ Rudi Kakuma. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 ulikadiria kwamba uwepo wa wakimbizi unaongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3, na ajira kwa karibu asilimia 3. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lilihesabu zaidi ya biashara 2,000 kambini na mjini. Duka likikua linataka wa kubeba, wa kulinda, wa kuendesha boda. Na kuna akina mama Waturkana wanaouza kuni na makaa kambini, wanaofua na kuteka maji kwa familia za wakimbizi. Hapo mgeni ndiye mwajiri! Hili jukwaani hulisikii.

8/ Lakini wastani unaficha mambo. Wengi wa akina mama hao hulipwa kidogo, na mara nyingine hulipwa chakula cha mgao. Mwaka 2025 mgao ulipunguzwa sana. Matokeo? Mkimbizi mwenye njaa anakubali kazi ya bei yoyote, na mama aliyekuwa akilipwa unga anakosa hata huo unga. Uamuzi ulifanywa mbali sana, lakini umeshusha malipo ya watu wa pande zote mbili za ua.

9/ Kuna mtego mwingine ambao watu wameuzoea. Mashirika mengi hayampi mkimbizi mshahara, yanampa "insentivu", yaani posho, kwa sababu hana kibali. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya wanaweza kufundisha shule moja, watoto wale wale, huku mmoja akipata sehemu ndogo tu ya pesa ya mwenzake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Sasa mwenye bajeti ndogo atamwajiri nani? Hesabu hiyo haihitaji digrii.

10/ Wasomi wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani, na wengi walibaki Miami. David Card alichunguza akasema mishahara ya huko haikushuka. George Borjas akaja baadaye akasema ilishuka kwa wale ambao hawakumaliza sekondari. Ona jambo moja: ubishi wao mkali ni juu ya watu wa chini kabisa. Wa ofisini hawana presha.

11/ Na suluhisho linalopigiwa makofi zaidi, msako? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamfanya mwajiri pia kuwa na kosa. Lakini lori likija linabeba nani? Vibarua. Mwajiri anabaki na saiti yake. Wanaobaki wanaogopa zaidi, na mwenye kuogopa zaidi analipwa kidogo zaidi. Msako wa namna hiyo unaweza kumshushia hata mwenyeji bei.

12/ Upande wa pili nao tuuseme. Vibali vikitolewa kwa wingi, kibarua atapata nguvu ya kudai, lakini ushindani utapanda kwenye ualimu, hesabu na kazi za mashirika. Binamu yangu ana diploma ya ualimu na yuko nyumbani mwaka wa pili sasa. Siwezi kumwambia hasira yake ni ujinga. Ninachomwambia ni kwamba leo anashindana na mtu ambaye kumlipa kidogo kumeruhusiwa. Afadhali ashindane na mtu wa bei sawa na yake.

13/ Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji, ulizinduliwa Machi 2025, kwa hivyo mtausikia sana jukwaani. Mgombea akishika maiki muulizeni:
– Turkana Magharibi ina maafisa wa leba wangapi?
– Ni waajiri wangapi hapa wameshtakiwa kwa kulipa chini ya kima cha chini?
– Kibarua asiye na kibali akidhulumiwa, anaweza kushtaki bila kukamatwa?
– Posho za mashirika zitageuka mishahara lini, na wenyeji wametengewa nafasi ngapi?

14/ Akijibu kwa kutaja kabila au nchi ya mtu, jua hajajibu. Mgeni na kijana wa hapa wanasimama kwenye saiti moja asubuhi, na anayepanga bei ni mtu wa tatu. Hebu tuanze kumtaja huyo. Wa Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, semeni hapa chini: kwenu mjengo unalipa ngapi kwa siku?