Ngiri Hii Si Ile Tuijuayo

Mzazi aambiwapo kuwa mwanawe kazaliwa na ngiri, huwaza uvimbe wa kinena, maradhi yawezayo kungoja. Neno limempotosha. Hapa kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo hakikufunga sawasawa mimbani. Matumbo yakapanda kifuani, mapafu yakadumaa. Huwapata takriban mtoto 1 kati ya 3,000.

Tiba huanza kwa pumzi: mpira wa hewa kooni, mwingine tumboni kutoa gesi. Mtoto akishatulia ndipo daktari wa upasuaji huyarejesha matumbo mahali pake na kuliziba tundu. Asiyeelezwa haya hudhani madaktari wanazembea, au hutia sahihi asilolielewa.

Nami, mtu wa isimu, nawasihi wauguzi wetu: semeni "tundu la kiwambo". Jina hilo hujieleza lenyewe.