Kabla hujaipeleka bunduki kukaguliwa

Ndugu msikilizaji, msimu wa korosho unapofika kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, na Masasi upande wa chini, vitu vitatu huongezeka kwa wakati mmoja: nguruwe shambani, fedha mfukoni na uraka vilabuni. Kitu cha kwanza humfanya mkulima aitoe bunduki yake ndani. Cha pili humfanya mwenye duka atamani kuwa nayo. Na cha tatu humwondolea kila mmoja wao sifa ya kuishika.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wenye bunduki wengi hulikumbuka siku ya mwisho, nalo ni kuhuisha leseni. Wapo wanaodhani kuwa kuhuisha leseni ni kulipa ada, kupigiwa muhuri na kurudi nyumbani. Mawazo hayo si sahihi. Ada ni sehemu ndogo ya shughuli hiyo. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba yule mtu aliyeaminiwa zamani bado anastahili kuaminiwa leo. Bunduki yenyewe haibadiliki sana kwa miaka mitano au kumi. Mwenye bunduki hubadilika. Macho hupungua nguvu, mikono huanza kutetemeka, ndoa huingia ugomvi, na mtu aliyekuwa hanywi huanza kunywa. Mambo hayo hayaandikwi kwenye kitako cha bunduki.

Sheria inayotuongoza Tanzania Bara ni ile ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Sheria hii mpya haikuridhika na mtu kuwa na sababu ya kutaka silaha tu. Inamtaka pia awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anaweza kuitumia silaha hiyo bila kuhatarisha watu. Maombi yenyewe huanzia nyumbani kwake, kwenye serikali ya kijiji au ya mtaa, yakapanda hadi kwenye vyombo vya ulinzi na usalama. Utaratibu huo una maana yake. Jirani yako anakujua kuliko ofisa yeyote wa mjini. Yeye ndiye anayejua kama ukikasirika unatukana au unakwenda kuchukua panga.

Na wala tusiulize kwa nini watu wa mkoa wa Mtwara wanachunguzwa kwa makini. Ukisimama Newala mjini, pale panapoitwa Shimo la Mungu, unaliona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wazee wa huko wamesikia milio ya vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1992. Tangu mwaka 2017 jimbo la Cabo Delgado limeingia tena katika mapigano, na mwezi Oktoba mwaka 2020 wavamizi walivuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Nchi inayopakana na vita haiwezi kuacha kuzihesabu bunduki zake.

Sasa twende Mnyambe, kata ya wilaya ya Newala. Silaha utakayokutana nayo vijijini huko mara nyingi si bastola wala bunduki ya kisasa. Ni gobore. Gobore hujazwa kwa mdomoni: unamimina baruti, unashindilia tambara kwa ufito, unatia marisau, unashindilia tambara jingine, halafu unaweka fataki kwenye chuchu iliyo nyuma. Kazi yake ni kulinda mihogo, mahindi na karanga dhidi ya nguruwe. Na kwa kuwa wakazi wengi ni Waislamu, nguruwe huyo hauawi kwa ajili ya kitoweo. Anauawa kwa sababu usiku mmoja wa kundi la nguruwe unaweza kuimaliza akiba ya nyumba nzima. Kwa hiyo tusiwadharau wenye magobore. Wana sababu.

Lakini tuseme mzee mwenye gobore amefariki. Kwa mila za Wamakonde, ukoo unafuata upande wa mama, na mali ya mjomba ina njia yake ya kumfikia mpwa. Matanga yanakwisha, wazee wanakaa, na mpwa anakabidhiwa gobore pamoja na jembe na shoka. Hakuna aliyedhamiria uovu. Mpwa analiweka juu ya dari, na mwaka unapita. Siku anasikia tangazo la ukaguzi, analifunga kwenye mkeka na kulipeleka polisi huku akitabasamu.

"Shikamoo, afande. Nimekuja kuhuisha leseni ya mjomba."

"Marahaba, kijana. Mjomba wako yuko wapi?"

"Ametangulia mbele ya haki, afande. Mwaka jana."

"Pole sana. Basi hii leseni nayo imekwenda naye."

Na hapo ndipo kijana anapofahamu kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akikaa na silaha bila kibali. Alidhani amerithi mali, kumbe amerithi kosa. Msikilizaji, leseni ya bunduki ni ya mtu, si ya nyumba wala ya ukoo. Jembe hurithiwa, shamba la mikorosho hurithiwa, lakini ruhusa ya kushika silaha hairithiwi. Mwenye silaha akifariki, familia inapaswa kuipeleka polisi bila kungoja arobaini, na anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe tangu mwanzo. Mwaka 2023, kuanzia Septemba mosi hadi Oktoba 31, serikali ilitoa msamaha kwa waliokuwa na silaha kinyume cha sheria, ili wazisalimishe bila kushtakiwa. Lakini msamaha una tarehe yake ya mwisho, na asiyeutumia hawezi kudai mwingine.

Je, yule ambaye leseni ni yake mwenyewe ajiandae vipi?

Kwanza, aanze na karatasi. Aitazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye leseni, na ajipe wiki kadhaa kabla yake. Asome namba iliyo kwenye leseni, kisha asome namba iliyochongwa kwenye bunduki, tarakimu kwa tarakimu. Kama kutu imekula namba, aseme mapema, asingoje kuulizwa. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini mwaka 2004, inazitaka nchi za eneo letu kuzitia alama silaha na kuweka kumbukumbu zake, kwa sababu silaha isiyo na namba haina mwenyewe. Ahesabu na risasi zake. Kama alinunua kumi na zimebaki sita, awe na maelezo ya zile nne.

Pili, aihakikishe silaha kuwa ni tupu kabla haijatoka nyumbani. Hapa wenye magobore wasikilize vizuri. Mtu akishaondoa fataki husema gobore lake ni tupu. La hasha! Baruti ingali ndani, na cheche moja yatosha. Iko njia nyepesi ya kujua. Siku ambayo una hakika gobore halina kitu, tumbukiza ufito wa kushindilia hadi chini kabisa, uutie alama pale unapolingana na mdomo wa mtutu. Siku nyingine ukiuingiza tena na ile alama ikabaki nje, ujue ndani mna kitu. Ukifanya hivyo, uso na kiganja visikae mbele ya mdomo wa mtutu. Na ukigundua kuwa limeshindiliwa, usilichokonoe wala kulisogeza karibu na jiko. Mwite fundi anayelijua, au utoe taarifa polisi kabla ya kulipeleka.

Tatu, safari yenyewe. Bunduki isafiri tupu, imefungwa, na risasi au baruti ziwe mbali nayo. Mtu anayetoka Mnyambe kwa pikipiki kwenda Newala mjini aende moja kwa moja. Asipitie kilabuni, asimwachie mwenye duka amshikie, wala asiifungue kwenye kijiwe ili kuwaonyesha vijana. Hao wote hawana leseni.

Nne, na hili ndilo gumu, ajikague yeye mwenyewe. Ajiulize: usiku wa kiza, hatua thelathini kutoka hapa, naweza kutofautisha nguruwe na mtu aliyeinama? Mzee ambaye mtoto wa jicho ameanza kumfunika hana budi kulijibu swali hilo kwa ukweli. Kwenye uwanda ambako watu wamezoea kuwahi maji kabla ya alfajiri, kinachochakarisha majani kinaweza kuwa mama mwenye ndoo kichwani. Kanuni ni moja: usifyatue kwa sauti, fyatua kwa kuona, na ujue risasi itaishia wapi ukikosa. Na aliyeonja uraka jioni asilinde shamba kwa bunduki usiku huo. Apige debe, awashe moto, amwombe mwenzake.

Tano, ajikague nyumba. Watoto wanajua kila kitu kinakofichwa. Chini ya godoro si mahali pa kuficha, ni mahali pa kwanza ambapo mtoto hutafuta. Silaha ifungwe kwa kufuli, risasi zifungwe kwingine, na funguo zikae na mwenye leseni peke yake.

Pengine msomaji wa mjini anajisemea kuwa habari hizi ni za wakulima. Hapana. Wewe mwenye bastola kiunoni chini ya shati, pale Mtwara mjini au Kariakoo, una mtihani mgumu zaidi. Mkulima hukutana na nguruwe. Wewe unakutana na watu: dereva aliyekukwangua gari, mdeni asiyelipa, mlevi anayekutukana. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yako. Anayezidisha kiasi hata akaua, huweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kutukanwa si kuvamiwa. Kibaka anayekimbia na mkoba wako amekwisha kukupa mgongo. Ni muhimu kuyajua haya ukiwa umetulia, maana ukishashika bastola kwa hasira hutakumbuka kifungu chochote.

Wenzetu wa jimbo la Texas, huko Marekani, walipopitisha sheria ya mwaka 1995 ya kuruhusu raia kubeba bastola iliyofichwa, waliweka darasa. Mtu alifundishwa sheria ya matumizi ya nguvu, njia za kumaliza ugomvi bila silaha na namna ya kutunza bastola, kisha akapiga risasi hamsini kwenye shabaha. Kila alipohuisha leseni alirudi darasani. Mwaka 2013 darasa la kuhuisha likaondolewa. Tangu Septemba mwaka 2021, watu wengi wenye umri wa miaka 21 na zaidi wanaruhusiwa kubeba bastola humo bila leseni kabisa. Wao wana historia yao na katiba yao, na si kazi yangu kuwahukumu. Lakini katika Marekani nzima, mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Yaani hatari kubwa haikuwa jambazi aliye nje ya mlango. Ilikuwa ndani, siku ambayo mwenye nyumba amekata tamaa na bunduki iko karibu.

Ndiyo maana nasema tusichukie kuulizwa. Mwaka 2016, silaha zilipohakikiwa nchini, hata Rais John Magufuli alihakikiwa za kwake. Kama mkuu wa nchi aliona si aibu kukaguliwa, mimi na wewe tunaona aibu gani? Na kama hapo ulipo ukijikagua unaona macho yamepungua, au nyumba haina amani, au moyo umekuwa mzito, basi kuipeleka bunduki polisi na kusema "sasa basi" si kushindwa. Ni uungwana. Nguruwe watafukuzwa na wengine.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, leo ukifika nyumbani itoe leseni yako, uitazame tarehe. Kisha uulize kama bado yuko hai yule ambaye jina lake limeandikwa pale juu. Mkono wa pole kwa waliofiwa na wajomba, lakini gobore lisilale nyumbani.