Kijue Kinanda Chako (2): Mali Bila Daftari

Wiki iliyopita tulikifungua kinanda cha kisasa, yaani sinthesaiza, tukaona namna sauti inavyozaliwa ndani yake: wimbi linatolewa, linachujwa, kisha linapewa umbo la kuanza, kudumu na kufifia. Leo tunatoka kiwandani na kuingia ghalani. Sauti zikishatengenezwa huwekwa wapi, hupangwaje, na mpigaji huzipataje mwimbaji akiwa tayari ameshika kipaza sauti?

Nianze na kisa changu mwenyewe. Tulialikwa kupiga harusini Tanga, na kinanda kilikuwa cha kukodi. Fidla ilikwishatoa utangulizi, mwimbaji amesimama, na zamu ya gitaa kujibu ilikuwa yangu. Nilijua kwamba gitaa la nyuzi za chuma ni namba 26. Nisilolijua ni kwamba mashine ile ilitaka tarakimu tatu, na kwa papara nikaanza na moja badala ya sifuri. Namba 126 katika orodha ya mashine ile ni helikopta. Bibi harusi alicheka. Mwimbaji hakucheka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti zilizokwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa ndani ya kinanda, ambazo wataalamu huziita priseti, ni mali ya aina hiyo. Unaweza kuwa nazo elfu moja, na usiku wa kazi usiwe na hata moja.

Ghala lilivyokua

Kulikuwa na wakati ambapo tatizo hili halikuwapo, kwa sababu ghala lenyewe halikuwapo. Minimoog, kinanda cha Kimarekani kilichotoka mwaka 1970, hakikuwa na kumbukumbu yoyote. Mpigaji aliyebahatika kupata sauti nzuri alichukua karatasi yenye mchoro wa mashine, akatia alama kuonyesha kila kitufe cha kuzungusha kimeelekea wapi, na kesho yake akavirudisha kwa mkono, kimoja kimoja. Mitambo mikubwa ya Robert Moog iliyotangulia, ile ya miaka ya 1960, iliungwa kwa nyaya za kuchomeka huku na huku. Ndipo lilipotoka neno "patch" ambalo bado unaliona kwenye vioo vya vinanda vingi: maana yake ya kwanza ilikuwa ni kuunganisha nyaya hizo.

Mwaka 1978 Dave Smith wa California alileta Prophet-5, kinanda chenye kompyuta ndogo tumboni iliyoweza kukumbuka sauti 40. Miaka mitano baadaye, 1983, Yamaha ya Japani ikatoa DX7, yenye nafasi za sauti 32 na tundu la kuchomeka katriji za sauti nyingine. Hesabu yake ya kuzalisha sauti ilitokana na ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mashine yenyewe ilikuwa na vizalishi sita vya mawimbi na njia 32 za kuviunganisha, lakini haikuwa na safu ya vitufe vya kuzungusha. Kila kitu kilipitia kioo kidogo na vibonyezo. Kutunga sauti mpya ukawa mtihani, na wapigaji wengi wakaridhika na zilizotoka kiwandani. Ndiyo maana piano ya umeme ya DX7 imesikika katika nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ile. Korg M1 ya mwaka 1988 ikaja na sauti 100, ilizoziita programu, na miungano 100 ya sauti hizo. Leo kinanda kimoja kikubwa hubeba sauti zaidi ya elfu moja.

Tazama mwendo huo. Kadiri ghala lilivyopanuka ndivyo kazi ya kutunga sauti ilivyopungua na kazi ya kutafuta ikaongezeka. Mpigaji wa 1970 alihitaji kujua kutengeneza. Wa leo, kabla ya yote, anahitaji kujua kupekua.

Kwa nini 128?

Aliyewahi kupekua sauti za kinanda amekutana na namba 128. Asili yake ni MIDI, lugha iliyokubaliwa na watengenezaji mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni mbalimbali viweze kupeana amri. Amri ya kubadili sauti hubeba tarakimu saba za kompyuta, kila moja ikiwa sifuri au moja. Zidisha mbili kwa mbili mpaka mbili ziwe saba, utapata 128.

Hapa pana mtego. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, binadamu huanza na moja. Vinanda vingine vimeandikwa 0 hadi 127, vingine 1 hadi 128, kwa hiyo sauti ile ile ni namba 22 hapa na namba 21 kule. Ukiita akodiani ukaitikiwa na harmonika, usishuke jukwaani kumlaumu fundi. Harmonika ndiye jirani wa akodiani katika orodha, nawe umekosea kwa nyumba moja.

Na sauti zikizidi 128? Huwekwa katika benki. Fikiria anwani za mjini: nyumba namba 22 iko Ngamiani, na nyumba namba 22 iko Chumbageni. Namba peke yake haitoshi mpaka utaje mtaa. MIDI hutaja mtaa kwa amri mbili, namba 0 na namba 32, na kwa pamoja zinaweza kutofautisha benki 16,384. Utaratibu ni mtaa kwanza, nyumba baadaye. Ukitaja nyumba bila mtaa, utapelekwa kwenye namba hiyo katika mtaa uliomo sasa hivi, na sauti itakayotoka itakushangaza.

Watengenezaji wengine walihesabu kwa nane. Roland D-50 ya mwaka 1987 ilikuwa na sauti 64: benki nane, kila moja na sauti nane. Tarakimu ya kwanza ni benki, ya pili ni sauti, kwa hiyo baada ya 18 inakuja 21, na namba 19 na 20 hazipo kabisa. Nimewaona wanafunzi wakizitafuta.

Jamii kumi na sita

Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa pamoja uitwao General MIDI, uliopanga sauti 128 katika jamii 16 za sauti nane nane. Piano ni namba 1 hadi 8, ogani 17 hadi 24, magitaa 25 hadi 32, mabesi 33 hadi 40, na kadhalika mpaka milio ya vituko, 121 hadi 128, ambako helikopta yangu inaishi pamoja na makofi ya watazamaji na mlio wa bunduki. Ngoma zilipewa njia yake, ya 10. Kinanda chako kinaweza kuwa na orodha yake kubwa zaidi, lakini ukiijua ramani hii hupotei kabisa katika mashine ya mtu.

Ramani, hata hivyo, humwonyesha pia aliyeichora. Namba 105 hadi 112 ni kapu la vyombo vya "kikabila": sitar ya Kihindi, banjo, shamisen na koto za Kijapani, kalimba, filimbi ya mfuko ya Waskoti, fidla ya vijijini na shanai, ndugu wa zumari letu. Kalimba, namba 109, ni ya ukoo mmoja na ilimba ya Wagogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka katika majukwaa ya dunia. Marimba, ambayo jina lake ni la Kibantu tupu, wameitenga mbali, namba 13, pamoja na kengele. Udi wa taarabu haumo. Kanuni yake ya nyuzi haimo.

Mpiga taarabu akiijua orodha hii hatakaa kulalamika. Akodiani ni namba 22, na namba 24 kuna ya pili, ile ya tango, yenye sauti tofauti kidogo. Zisikilize zote mbili. Kwa kanuni, jaribu namba 16, chombo cha nyuzi za kugonga, na namba 107 au 108. Hakuna itakayokuwa kanuni hasa, lakini mojawapo itakubeba.

Kupita ghalani

Mchagua jembe si mkulima, na mpigaji anayebonyeza kitufe cha mbele kutwa nzima ni mchagua jembe. Kupekua kuna utaratibu.

Kwanza, amua kazi kabla ya kutafuta sauti. Unataka ya kuongoza wimbo, ya kujibu, ya kukatakata mapigo, au ya kutandika chini ya waimbaji? Hiyo ya mwisho ndiyo inayoandikwa "Pad" kwenye kioo, nami huiita tandiko, kwa kuwa kazi yake ni ya mkeka: wengine wakae juu yake. Vinanda vingi vya leo vina kitufe cha kupekua kwa jamii. Kitumie, usitembee nyumba kwa nyumba mji mzima.

Pili, pima kila sauti kwa kipande kile kile cha muziki wako. Kipige chini, katikati na juu. Kwa mkono mwepesi, kisha kwa nguvu. Sauti tamu katikati huweza kulia kama bati ikipanda, na nyingine hubadilika kabisa ukibonyeza kwa nguvu.

Tatu, sawazisha ukubwa. Sikio hudanganywa na kelele: kati ya sauti mbili zinazokaribiana, iliyo kubwa zaidi huonekana bora.

Nne, jihadhari na nguo za dukani. Sauti za mwanzo katika orodha mara nyingi zimetengenezwa kumshangaza mnunuzi anayepiga peke yake. Zimepangwa mbili tatu kwa pamoja na kumwagiwa mwangwi. Ukiwa chumbani ni kasri. Ukiwa na besi, ngoma na waimbaji sita, ni tope. Punguza mwangwi, washa mapigo, ndipo uhukumu.

Baada ya nusu saa, pumzika. Sikio lililochoka huona kila kitu ni kikavu na kuanza kuchagua sauti kali mno.

Kupanga upya

Ukishachagua, usiziache zilipo. Karibu kila kinanda kina benki ya mtumiaji, mahali pa kunakili sauti na kuzipanga upendavyo. Vinanda vingi vya Yamaha vyenye mapigo ya kuandamana vina kumbukumbu ya mpangilio: kitufe kimoja hurudisha sauti, mtindo wa mapigo na mwendo kwa pamoja. Korg Kronos, iliyotoka 2011, ina ukurasa unaoonyesha visanduku 16 kwenye kioo, kila kimoja na sauti yake, na unaweza kukiandikia maelezo.

Ushauri wangu: anza na sauti 16 tu, safu mbili za nane. Safu ya kwanza weka za kuongoza na kujibu. Ya pili, matandiko na mapigo. Nafasi ya tatu juu ikiwa akodiani, nafasi ya tatu chini iwe nyuzi zinazoandamana nayo. Zinazofuatana katika wimbo zikae jirani, ili kidole kimoja kitoshe. Hifadhi kila sauti pamoja na ukubwa wake, usije ukaruka kutoka mnong'ono hadi ukelele katikati ya ubeti.

Majina nayo yana hesabu. DX7 iliruhusu herufi 10 tu kwa kila sauti, na vinanda vingi vilivyoifuata karibu havikuongeza sana. Anza na kazi, malizia na chombo: "JIBU-AKODI", "TAND-NYUZI". Orodha ikipangwa kwa alfabeti, za kazi moja zitakaa pamoja zenyewe.

Kulinda

Vinanda kama DX7 na M1 hutunza sauti za mtumiaji kwa betri ndogo ya duara, kama ya saa. Betri ikifa, ghala linafutika. Kabla fundi hajaibadilisha, nakili sauti zako kwenye kompyuta kwa njia ya MIDI. Sauti zote 32 za DX7 ni baiti 4,096 tu. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hizo mara mamia. Vinanda vipya havitegemei betri hiyo, lakini vina amri ya kurudisha hali ya kiwandani, na mdogo wako anaweza kuibonyeza kwa udadisi. Weka nakala kwenye flashi, na flashi usiiache kwenye mfuko wa kinanda, kwa sababu mwizi huondoka na vyote viwili.

Wiki ijayo tutaangalia jambo ambalo orodha ya 128 haikulifikiria: robo ya toni, ambayo bila hiyo baadhi ya maqamu, yaani ngazi za nota, za taarabu hazikamiliki, na namna vinanda vilivyotengenezewa muziki wa Kiarabu vinavyoishusha nota moja na kuacha nyingine.

Kabla ya hapo, ndugu msomaji, kazi yako ni hii. Nunua daftari, uchore safu tatu: benki na namba, kazi, wimbo. Chagua sauti 16 uziandike. Ziandike kwenye karatasi hata kama kinanda chako kinakumbuka kila kitu, kwa maana siku moja umeme utakatika, kinanda kitakuwa cha kukodi, na mwimbaji atakuwa amekwishasimama.